Kindi aliyebeba taji la dunia: hesabu za kikosi katika mchezo wa Pokémon

Agosti 2014, mjini Washington, Marekani, Sejun Park wa Korea Kusini alifika fainali ya daraja la juu ya mashindano ya dunia ya mchezo wa video wa Pokémon. Mpinzani wake alikuwa Mmarekani Jeudy Azzarelli. Kikosi cha Park kilikuwa na viumbe sita, na miongoni mwao alikuwemo Gyarados, joka la majini lenye uwezo wa kugeuka kuwa jitu zaidi, na Garchomp, mmoja wa viumbe waliokuwa wakiogopwa kuliko wote msimu ule. Pembeni yao alisimama Pachirisu.

Pachirisu ni kindi mdogo mweupe mwenye mstari wa buluu mgongoni. Amekuwa ndani ya mchezo huo tangu mwaka 2006, na kwa miaka yote hiyo wachezaji wa mashindano walimhesabu kama pambo. Ukijumlisha sifa zake zote sita za kuzaliwa, yaani uhai, shambulio, ulinzi, shambulio la pekee, ulinzi wa pekee na kasi, unapata 405. Garchomp ana 600. Gyarados akishageuka anafika 640. Kwa mizani hiyo, kumpeleka kindi fainali ya dunia ni sawa na kupeleka baiskeli kwenye mashindano ya malori.

Park alitwaa ubingwa. Watazamaji walimshangilia kindi, na katika siku zilizofuata kila aliyeupenda mchezo huo aliuliza swali moja: amewezaje?

Jibu lake halina uchawi. Ni hesabu ya mzigo, hatari na nafasi, ya aina ambayo mtu anayepitisha bidhaa Namanga, Busia au Rusumo huifanya kichwani kabla ya kuwasha gari. Ndiyo maana mchezo huu, ambao wazazi wengi wanauona kwenye simu za watoto na kuupita, unastahili kutazamwa mara ya pili.

Sita kwenye mzigo, wanne uwanjani

Pokémon ulianza Japani mwaka 1996 kwenye kifaa kidogo cha mkononi cha Nintendo. Mchezaji hukamata viumbe wa kubuni, huwalea, kisha huwapambanisha na wa wenzake. Leo aina za viumbe hao zimepita 1,000. Kila kiumbe ana asili moja au mbili kati ya asili 18: maji, moto, majani, umeme, ardhi, barafu na kadhalika. Maji huuzidi moto, moto huyazidi majani, majani huyazidi maji. Shambulio likikuta asili dhaifu, maumivu huzidishwa mara mbili. Likikuta asili mbili dhaifu kwa pamoja, mara nne. Umeme ukielekezwa kwa kiumbe wa ardhi haufanyi chochote.

Mtoto wa miaka minane anaweza kuyajua hayo kwa wiki moja. Kwenye mashindano rasmi ndipo ugumu unapoanza.

Kila mchezaji huleta viumbe sita. Kabla ya pambano, wapinzani huonyeshana vikosi na kupewa sekunde 90 tu za kuchagua wanne watakaoingia. Wawili husimama uwanjani kwa wakati mmoja na wawili husubiri nyuma. Viumbe wote hupangwa kwenye kiwango cha 50, kwa hiyo hakuna anayeshinda kwa sababu amecheza miezi mingi kuliko mwenzake. Kila kiumbe hubeba mbinu nne, si zaidi, na kifaa kimoja. Kifaa cha aina moja hakiruhusiwi kurudiwa kikosini.

Mbinu nne ni chache mno. Kiumbe anaweza kuwa na uwezo wa kujifunza mbinu hamsini au mia, lakini anaingia na nne. Na ya kwanza, katika vikosi vingi, inakwenda kwa Protect, mbinu ya kujikinga zamu moja ambayo mgeni huiona kama kupoteza nafasi. Mgeni huyo hukosea. Pale ambapo wapinzani wawili wanaweza kumshambulia mmoja wako kwa pamoja, kujikinga zamu moja kunawafanya wapoteze mapigo mawili huku mwenzako akiwapiga bure. Ukijaribu kujikinga mara mbili mfululizo, uwezekano wa kufaulu unashuka hadi theluthi moja, kwa hiyo haiwezekani kujificha muda wote.

Zinabaki nafasi tatu. Hapo mchezaji anaanza kujiuliza maswali ya kibiashara. Je, abebe pigo zito ambalo mara moja katika kumi linakosea, au jepesi lisilokosea? Abebe pigo la kuwakabili maadui wengi kwa wastani, au la kummaliza adui mmoja ambaye kila mtu atakuja naye? Hakuna jibu moja. Kuna msimu, na kuna soko.

Soko ndilo linaloamua

Wachezaji makini huanza kwa kuuliza wengine wanabeba nini, kabla ya kumfikiria hata kiumbe wanayempenda. Takwimu za kiumbe gani anatumika kwa asilimia ngapi, na mbinu gani, hukusanywa na kutolewa kila mwezi. Mchezaji huzisoma kama mfanyabiashara anavyosoma bei ya mahindi ya upande wa pili wa mpaka.

Garchomp ni mfano mzuri. Ana asili ya joka na ardhi, na zote mbili ni dhaifu kwa barafu, kwa hiyo pigo la barafu humuumiza mara nne. Msimu ambao kila kikosi kina Garchomp, pigo la barafu linapanda thamani hata kwa kiumbe ambaye kwa kawaida asingelibeba. Vikosi vikijaa barafu, wenye Garchomp huanza kumweka nyuma au kumwacha, na pigo lile lile linageuka mzigo usio na mnunuzi. Mwezi mmoja unatosha hali kugeuka.

Baada ya soko inakuja kasi. Katika kila zamu, mwenye kasi kubwa hutangulia kupiga, na aliyepigwa akaanguka hapigi tena. Tofauti ya pointi moja inatosha. Garchomp aliyelelewa kwa kasi yote inayowezekana kwenye kiwango cha 50 anafika 169. Salamence, joka jingine maarufu, akilelewa vivyo hivyo anaishia 167. Pointi mbili hizo zimeshaamua mapambano mengi kuliko ushujaa wa mchezaji yeyote.

Kwa sababu hiyo kuna vikosi vizima vinavyojengwa kuzunguka kasi. Wengine hutumia Tailwind, upepo unaozidisha mara mbili kasi ya kikosi kizima kwa zamu nne. Wengine huleta mvua: mashambulizi ya maji yanapanda kwa nusu, ya moto yanashuka hadi nusu, na baadhi ya viumbe wa majini kasi yao huongezeka mara mbili. Na wapo wanaoipindua meza yenyewe kwa mbinu iitwayo Trick Room, ambayo kwa zamu tano humfanya aliye mzito atangulie na mwepesi angoje. Kikosi cha aina hiyo hujazwa vigogo wazito wasioweza kukimbia lakini pigo lao moja linatosha. Mpinzani aliyewekeza kila kitu kwenye mbio hujikuta kasi yake imegeuka deni.

Ubaya wa vikosi hivyo ni kwamba vinategemea mtu mmoja. Anayeleta mvua akiangushwa zamu ya kwanza, waliobaki ni samaki nchi kavu. Mchezaji mzuri huwa na njia ya pili, na hapo ndipo wengi huchemka, kwa sababu viumbe sita ni wachache na kila nafasi ya njia ya pili imetolewa kwenye njia ya kwanza.

Pointi 510 za kugawa

Sehemu isiyoonekana kabisa kwa mtazamaji ni malezi. Katika michezo ya aina hii, kila kiumbe ana pointi 510 za mafunzo ambazo mchezaji huzigawa kwenye sifa sita, na hakuna sifa inayopokea zaidi ya 252. Kwenye kiwango cha 50, kwa kawaida pointi nane za mafunzo huzaa pointi moja ya sifa. Njia rahisi ni kujaza sifa mbili hadi juu na kumwaga mabaki mahali popote. Wengi hufanya hivyo, na kwa kiumbe wa kushambulia tu inatosha.

Mabingwa hawagawi hivyo kwa kila kiumbe. Wao huanza na swali: nani atampiga huyu wangu, na kwa pigo gani? Kisha huhesabu ni pointi ngapi zinahitajika ili abaki hai, huziweka hizo tu, na zinazobaki huzipeleka kwenye kasi au nguvu. Ni bajeti. Kila pointi inayozidi mahitaji imepotea, na kila inayopungua inaweza kuua.

Tumrudie kindi, kwa sababu hapa ndipo siri yake ilipo.

Pachirisu wa Park alikuwa na mbinu nne: Protect, Follow Me, Nuzzle na Super Fang. Kati ya hizo, hakuna hata moja inayotegemea nguvu zake mwenyewe kuua. Follow Me huwalazimisha wapinzani kumpiga yeye badala ya mwenzake. Nuzzle ni pigo dogo ambalo kila likipata humpoozesha aliyepigwa, na kwa kanuni za wakati ule kasi yake ilishuka hadi robo. Super Fang hukata nusu ya uhai alionao adui, awe kibonge au jitu, bila kujali kindi ana nguvu kiasi gani. Ukiwa dhaifu, silaha isiyojali udhaifu wako ndiyo ya kununua.

Kipaji chake kilikuwa Volt Absorb: akipigwa umeme haumii, bali huongezewa uhai. Gyarados ana asili ya maji na hewa, na umeme humuumiza mara nne kabla hajageuka. Talonflame, ndege wa moto aliyekuwa pia kikosini mwa Park, naye ni dhaifu kwa umeme. Mpinzani mwenye umeme aliyetamani kumlenga Gyarados alikuta pigo lake limevutwa na kindi na kugeuka chakula. Kifaa alichobeba kilikuwa tunda la Sitrus, linaloliwa lenyewe uhai ukishuka hadi nusu na kurudisha robo.

Hata hivyo swali gumu lilikuwa hili: kindi mwenye kazi ya kupokea mapigo ya wenzake ataishije mbele ya majoka? Pigo zito la majoka ni Draco Meteor, lenye nguvu ya 130. Hesabu inajibu. Pachirisu aliyejazwa uhai kwenye kiwango cha 50 ana uhai 167. Mchukue Hydreigon, joka lenye vichwa vitatu, aliyelelewa kwa shambulio la juu kabisa lakini asiye na kifaa cha kumuongezea nguvu. Draco Meteor yake kwa Pachirisu ambaye hakuongezewa hata pointi moja ya ulinzi wa pekee huondoa kati ya 129 na 153. Ukiacha pigo la bahati, kindi anabaki hai. Anakula tunda lake, anapata 41 nyingine. Na joka, kwa kanuni ya pigo hilo, limejishusha shambulio lake hadi nusu kwa kulitumia.

Kwa hiyo zamu imekwisha hivi: mpinzani ametumia silaha yake kubwa, amejidhoofisha, kindi bado yupo, na Gyarados aliyesimama pembeni hajaguswa. Garchomp wa pointi 600 asingeweza kufanya kazi hiyo hata kwa dawa. Hana Follow Me, wala hali umeme ukamgeukia uhai.

Wapo viumbe wengine wanaovuta mashambulizi. Amoonguss, uyoga mkubwa, alikuwa maarufu zaidi msimu ule na ana uhai mwingi kuliko kindi. Lakini uyoga huungua kwa moto, hudhurika kwa mapigo ya ndege, na umeme haumrudishii chochote. Kwa kikosi cha kawaida uyoga ulikuwa chaguo bora. Kwa kikosi chenye Gyarados na Talonflame ndani, kindi alizidi. Sifa ya kiumbe mmoja mmoja ilikuwa imewapotosha watu. Thamani ya Pachirisu haikuwa ndani yake, ilikuwa kwenye nafasi aliyojaza kati ya wenzake.

Baada ya ushindi huo, nakala ya Pachirisu wa Park iligawiwa rasmi kwa wachezaji. Wengi waliingia naye mapambanoni na wakapigwa, kwa sababu walichukua kindi bila kikosi chake.

Karatasi za uasili

Mchezo huu una upande wake wa forodha pia, na Yokohama ulijitokeza hadharani.

Mashindano ya dunia ya 2023 yalifanyika mji huo wa Japani. Wachezaji kadhaa waliokuwa wamesafiri kutoka nchi mbalimbali waliondolewa baada ya ukaguzi kugundua kwamba viumbe wao hawakukamatwa wala kulelewa ndani ya mchezo, bali walitengenezwa kwa programu za nje zinazoandika sifa moja kwa moja. Msimu mzima wa kufuzu, nauli na malazi, viliishia mezani kwa mkaguzi.

Utetezi uliosikika haukuwa wa kipuuzi. Kiumbe aliyetengenezwa akiwa na sifa zile zile ambazo angeweza kuzipata kihalali hana faida uwanjani. Pigo lake ni lile lile. Anachookoa mchezaji ni muda na pesa. Msimu ule kanuni ziliruhusu viumbe kutoka michezo ya zamani, kwa hiyo aliyetaka kuwa na chaguo lote alihitaji nakala zaidi ya moja ya michezo, na wakati mwingine kulirudia zoezi la kukamata kwa saa nyingi ili kupata sifa halisi anazotaka. Mashine ya Nintendo Switch ilipotoka mwaka 2017 iliuzwa karibu dola 300 za Marekani, na mchezo mmoja karibu dola 60. Mwenye pesa hujaribu vikosi kumi. Asiye nazo hujaribu kimoja.

Waandaaji hawakukubali, na ni vigumu kuwalaumu. Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki anayefahamu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, anaijua hoja hii bila kufundishwa. Maharage ya shambani kwako na maharage yaliyoingizwa kutoka ng'ambo yanaweza kufanana kwenye gunia na kuiva kwa dakika zile zile. Afisa haulizi yanaivaje. Anauliza yametoka wapi, kwa sababu unafuu wote wa ushuru umejengwa juu ya jibu hilo. Wale walioondolewa Yokohama walikuwa na bidhaa nzuri na karatasi mbaya. Lakini malalamiko yao kuhusu gharama ya kupata karatasi nzuri yanabaki pale pale, na waandaaji wangeyapuuza kwa hasara yao wenyewe. Mwaka 2025 ilitangazwa Pokémon Champions, programu iliyojikita kwenye mapambano peke yake, ya Switch na ya simu. Kwa nchi ambazo simu ndiyo kompyuta ya watu wengi, hiyo ni habari.

Kwa sasa anayetaka kujifunza kikosi bila kununua mashine ana Pokémon Showdown, jukwaa la bure lililoanza mwaka 2011, linalofunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye intaneti. Hapo hakuna kukamata wala kulea: unaandika viumbe sita, mbinu zao na pointi zao, unaingia kupambana na mtu aliye Osaka au Roma, unapigwa, unarekebisha. Zipo pia kikokotoo za maumivu zinazotoa hesabu kama ile ya joka na kindi kwa sekunde moja. Matokeo yake hayakupeleki mashindano rasmi, lakini mabingwa wenyewe hufanyia mazoezi humo.

Mabadiliko mengine ya miaka ya karibuni yamewafurahisha wageni kuliko wazoefu. Tangu msimu wa 2023, kwenye mashindano rasmi ya ana kwa ana, wapinzani hubadilishana orodha za vikosi kabla ya kucheza. Mbinu zote nne za kila kiumbe, kifaa anachobeba na kipaji chake, vyote viko wazi mezani. Hila ya kuficha pigo la ajabu hadi zamu ya mwisho imekufa, na waliokuwa wakiishi kwa hila hiyo wamelalamika sana.

Kitu kimoja hakiandikwi kwenye orodha hiyo: mgawo wa pointi za mafunzo. Mpinzani anaona kindi wako, anaona tunda lake, anajua atavuta mapigo. Asichokijua ni kama kindi huyo atabaki na uhai 14 au ataanguka, na ana sekunde chache za kuamua kama joka lake lipige.